Shule Tatu, Daraja Moja

Miaka ile ya vita nilikuwa na watoto watatu katika sehemu tatu za Juba, na mto ulipita katikati yao.

Sikupanga iwe hivyo. Binti yangu mkubwa alipata nafasi katika shule ya msingi ya kanisa mjini, kwa sababu sista mmoja aliyetufahamu tangu tulipokuwa wakimbizi Uganda alimwombea apunguziwe ada. Nafasi ilikuwa moja tu. Mdogo wake wa kiume nilimwandikisha shule ya serikali huku Gumbo, ng'ambo ya mashariki tulikoishi. Ilikuwa na madarasa ya bati kando ya barabara ya Nimule iendayo mpakani mwa Uganda, na walimu walikuja siku walizoweza, maana mishahara yao haikuwa ikija. Wa mwisho, wa kike, alikuwa na miaka minne. Hakuwa na pa kwenda ila kwa jirani yangu, ambaye alikaanga mandazi mbele ya nyumba yake huku akimtazama kwa jicho moja.

Baba yao alikuwa amekwenda mji wa Bor kwa kazi ya ujenzi kabla vita havijaanza. Vilipoanza, simu yake iliendelea kuita kwa muda bila kupokelewa, kisha ikaacha kuita. Ndugu zake wengine walinishauri niweke matanga, wengine wakanionya kwamba nitamchuria mtu aliye hai. Sikufanya hili wala lile. Nilikwenda kazini.

Kazi yangu ilikuwa uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Tulipokea shehena kutoka Nairobi na Entebbe: dawa, vipuri, katoni za vifaranga waliolia kupitia matundu ya katoni, na mara kwa mara jeneza la mtu aliyekwenda kutibiwa nje akarudishwa hivyo. Mimi nililinganisha namba za mizigo na karatasi zake, nikabandika vibandiko. Kazi haikuwa ngumu, lakini ilianza mapema, na aliyechelewa alimkuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Mjini kulikuwa na watu wengi waliokuwa wakisubiri kusimama mahali pa mtu.

Asubuhi moja jirani yangu alikuja mlangoni akiwa amevaa viatu vya safari.

"Dada, mimi narudi Uganda," alisema. "Unga wa ngano haushikiki tena. Na mwanangu wa kiume wameanza kumwangalia kwa macho ya kijeshi."

Nilimwelewa. Nilimsaidia kufunga godoro lake. Gari lilipoondoka, binti yangu mdogo alisimama barazani kwa jirani akaangalia jiko lililokuwa limebaki pale, halafu akaniuliza, "Sasa mimi nakaa wapi?"

Hilo ndilo swali nililotembea nalo wiki zile. Nilianza na nasari, yaani shule ya watoto wadogo, iliyo nzuri kuliko zote, kwa ujinga tu, kwa kuwa ilikuwa njiani. Ukuta wake ulikuwa umechorwa wanyama, jenereta ilinguruma nyuma, na watoto walishushwa kutoka magari meupe yenye antena ndefu. Msichana wa ofisini aliniambia ada yao inalipwa kwa dola. Hakusema kwa dharau. Alinipa glasi ya maji baridi nikanywa, akaitazama kanga yangu, akanionyesha mlango wa kutokea kwa upole.

Ya kanisani ilikuwa imejaa. Mama aliyeisimamia alinionyesha watoto waliokaa chini wamebanana mpaka kwenye ngazi za mlango. "Nikimwongeza mmoja, itabidi nimweke mapajani," alisema, na mapajani pake tayari alikuwa amempakata mtoto.

Ya tatu ilikuwa hukuhuku Gumbo, chumba kimoja nyuma ya duka la mafuta ya taa. Nilifika bila kupiga hodi na nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli kwa nje. Ndani nilisikia watoto, si kelele za kucheza, ila ile sauti ya chini ya watoto waliokwisha kulia wakachoka. Nilichungulia kwenye upenyo wa bati. Wengine walikuwa wamelala kwenye sakafu yenye majimaji, mmoja alikuwa amekaa ameshika ndoo tupu. Msichana aliyewatunza alikuja baadaye na jerikeni kichwani. Alikuwa mdogo, labda miaka kumi na tano.

"Nilikwenda kisimani, mama," alisema. "Nikiacha wazi wanatoka barabarani. Malori yanapita."

Bei yake ningeimudu, lakini nilirudi nyumbani nimemshika mwanangu mkono kwa nguvu hata akalalamika.

Kwa siku kadhaa nilikwenda naye kazini. Nilimficha kati ya makatoni, nikampa kibandiko kimoja kimoja abandike kwenye ukuta. Msimamizi wetu, Mkenya mwenye watoto wake Nakuru, alipita karibu naye mara nyingi akiangalia pembeni. Kisha siku moja gari la kubebea mizigo lilirudi kinyumenyume kuelekea alipokuwa amekaa, na dereva alifunga breki kwa sababu ya kelele zangu tu.

"Mama," msimamizi aliniambia, "mimi leo sijaona kitu. Lakini kesho nikimwona huyu mtoto hapa, itabidi tuachane."

Aliyenitoa katika shida hiyo alikuwa mtu wa bodaboda. Aliishi Gumbo, nyumba chache kutoka kwetu, mtu aliyefiwa na mkewe, akilea mtoto mmoja wa kiume wa umri wa mwanangu mdogo. Yeye naye alikulia Uganda, ila kambi nyingine, na lugha ya nyumbani kwake sikuijua wala yeye hakuijua yangu. Tulizungumza Kiswahili, changu cha shule ya Kenya nilikosoma miaka michache, chake cha jeshini na cha malori. Jioni ile alinibeba kutoka uwanja wa ndege, na mwanangu alilia njia nzima. Tulipovuka daraja alipunguza mwendo.

"Mama, huyu analia nini?"

Nikamweleza.

"Juba na Bari iko mwalimu moja," alisema. "Mimi napeleka kijana yangu huko. Yeye iko mkali sana. Lakini mtoto iko salama."

Juba na Bari ni mtaa wa zamani karibu na mto, upande wa mjini, nyumba za udongo na za bati zimebanana. Mwalimu huyo alikuwa na kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Ndani yake kulikuwa na chumba kimoja cha bati na rakuba, kibanda cha miti na nyasi kilicho wazi pande zote, ambamo watoto walijifunza. Wote walimwita Madamu. Alikuwa mnene, sauti yake ilivuka ukuta, na alivuta sigara amesimama langoni, akipulizia moshi nje ili usiwafikie watoto. Alikuwa amefundisha makambini Uganda maisha yake yote.

Alimtazama mwanangu kabla ya kunitazama mimi. "Anajisaidia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Anauma wenzake?"

"Hapana."

"Ada ni ulichonacho. Makaa, maharage, sabuni. Usiniletee pesa, kufika sokoni zimekwisha kuwa karatasi. Ila sikiliza. Mimi nina sheria moja. Aliyemleta mtoto ndiye anayemchukua, wewe au dada yake mkubwa, huyu uliyekuja naye. Hata akija babu yake, hata akija padri, simpi. Mji huu watoto wanachukuliwa. Umekubali?"

Nilikubali. Nilikubali kwa moyo wote. Yule baba wa bodaboda, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mtoto wake mabegani, alicheka akasema, "Nilikwambia iko mkali."

Basi tukapata utaratibu. Alfajiri nilimwacha mwanangu wa kiume langoni mwa shule yake ya Gumbo, mara nyingi kabla mwalimu yeyote hajafika, nikimwambia akitoka aende kwa mama muuza chai wa jirani anisubiri pale. Kisha pikipiki ilikuja. Mtoto wa bodaboda alikaa mbele kwenye tangi la mafuta, mikono kwenye usukani kana kwamba yeye ndiye anayeendesha, nyuma ya baba yake binti yangu mdogo, halafu mimi, halafu binti mkubwa ameninginia mwishoni na mkoba wa vitabu. Tulivuka daraja hivyo. Tulimshusha mkubwa shuleni kwake, tukawaacha wadogo wawili kwa Madamu, kisha uwanja wa ndege. Mchana binti mkubwa alitoka shule akatembea mpaka kwa Madamu, akamsaidia kuosha vikombe na kunisubiri. Jioni tulirudi. Mvua ilituloanisha, vizuizi vya askari vilituchelewesha, kuna siku mafuta yalikosekana mji mzima tukatembea kwa miguu. Lakini ulikuwa utaratibu, na mtu akiwa na utaratibu anaweza kusahau kwa saa kadhaa mahali alipo.

Binti yangu mdogo na yule mtoto wa kiume wakawa hawaachani. Huyo wa kiume alikuwa mtoto wa maneno mengi. Alikuwa na jibu kwa kila askari wa kizuizini. Mmoja alipomuuliza kwa mzaha leseni yake iko wapi, alimjibu, "Baba amekalia."

Risasi zilianza Ijumaa, alasiri.

Nilikuwa kwenye shehena ya dawa. Mara ya kwanza tulifikiri ni mlango wa kontena. Kisha zikaja mfululizo, kutoka upande wa mjini, na msimamizi akapiga kelele tulale chini. Tulilala. Aliyekuwa karibu yangu alisali kwa Kiarabu cha Juba na kulaani katika sentensi hiyohiyo. Zilipopungua kidogo watu walianza kukimbilia lango, na mimi nikakimbia nao, bila mkoba, na kiatu kimoja nikakiacha.

Kuna mahali barabara inagawanyika. Ukishika huku unakwenda Juba na Bari, ukishika kule unakwenda darajani. Nilisimama pale. Watu walinipita wakinigonga mabega. Wasichana wangu walikuwa pamoja, na walikuwa na mtu mzima, tena mtu yule. Mvulana alikuwa na miaka minane na yuko peke yake kwa mama muuza chai ambaye huenda amekwishakimbia. Nilishika njia ya daraja.

Darajani askari walikuwa wameweka magari kwa ubavu. Mmoja alininyooshea bunduki, si kwa ukatili, alikuwa kama mtu anayenyoosha kidole.

"Arija! Rudi, mama. Daraja imefungwa."

"Mtoto wangu yuko Gumbo."

"Hata mimi mtoto yangu iko Gumbo. Rudi."

Nilirudi. Giza lilinikuta karibu na kanisa kubwa la Kator, na huko nilikaa na mamia ya watu wengine mpaka kulipokucha. Kuhusu usiku ule sina cha kusema, kwa kuwa sikuwa na mawazo, nilikuwa nikitaja tu majina ya watoto wangu kwa zamu.

Jumamosi palikuwa kimya. Nilitembea hadi Juba na Bari nikishika kuta. Barabarani kulikuwa na vitu ambavyo watu walivipita bila kuvitazama, nami nikafanya vivyo hivyo. Lango la Madamu lilikuwa limefungwa. Niligonga, nikasema jina langu, akaniuliza kupitia upenyo majina ya watoto wangu na siku niliyowaandikisha. Ndipo akafungua.

Walikuwa wazima. Binti mkubwa hakulia, alinisimulia kila kitu haraka haraka kana kwamba anatoa taarifa. Wazazi waliokuwa karibu waliwachukua watoto wao jana yake. Walibaki wangu wawili, wengine watatu, na yule mtoto wa bodaboda, ambaye baba yake alikuwa ameshusha abiria Gumbo daraja lilipofungwa.

"Mtu alikuja kumchukua," binti yangu aliniambia. "Alisema ni ndugu wa baba yake, anakaa hapa hapa karibu. Madamu alikataa. Akamsihi sana, Madamu akakataa. Akaondoka."

Madamu alisikia. "Mtoto mwenyewe hakumjua," alisema. "Nilimuuliza mtoto, unamjua? Akasema hamjui." Akawasha sigara, akaizima bila kuivuta.

Tulikaa pale, maana daraja lilikuwa bado limefungwa na hakukuwa na mahali pengine. Madamu aliwahamishia watoto kwenye chumba cha bati. Yale magunia ya makaa na maharage tuliyomletea sisi wazazi tuliyaburuta tukayapanga ukutani, upande wa barabara. Aliwafundisha watoto kulala kifudifudi wakiimba herufi kwa kunong'ona. Tulipika uji mwepesi. Nilijaribu kupiga simu Gumbo, mtandao ulikuwa umekufa.

Jumapili ndiyo ilikuwa yenyewe. Safari hii haikuwa bunduki tu, helikopta zilipita juu na ardhi ilitikisika mpaka vikombe vikaanguka kwenye rafu. Tulilala sote kwenye mikeka nyuma ya magunia, mimi nimewafunika wangu wawili, Madamu amewafunika aliowaweza. Yule mtoto wa kiume alikuwa kati ya binti yangu mdogo na ukuta wa ubavuni, usio na magunia. Alikuwa akimweleza kwamba hiyo ni ndege ya mafuta, baba yake ameendesha kama hiyo.

Sikusikia risasi ikipenya bati. Nilisikia tu kwamba ameacha kuongea. Binti yangu alimsukuma begani, akasema, "Halafu?" Akamsukuma tena. "Halafu?"

Madamu alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimvuta kwake, akamgeuza, akaweka mkono wake mzima juu ya shingo ya mtoto na akaubana. Aliendelea kubana muda mrefu baada ya kukosekana sababu ya kubana. Nilimtazama. Uso wake haukubadilika, ila midomo yake ilikuwa bado inanong'ona herufi, kwa sababu watoto wengine walikuwa wakimsikiliza.

Tulimfunga kwa shuka la kitanda la Madamu. Mapigano yalipopungua tulimchimbia kaburi nyuma ya rakuba, kwa sepetu moja tukipokezana, si kina kirefu. Madamu alisali. Binti mkubwa aliwashika wengine ndani wasitazame, na binti yangu mdogo alikaa mlangoni akiwa ameshika kiatu kimoja cha rafiki yake. Hakuna aliyejaribu kumnyang'anya.

Jumanne walisema vita vimesimamishwa. Asubuhi tulisikia pikipiki langoni, na sote tuliijua ni ya nani.

Madamu aliniambia, "Kaa na watoto." Alijifunga kanga vizuri, akaenda kufungua. Mimi nilibaki mlangoni mwa chumba, kwa hiyo niliona na nilisikia.

Baba wa bodaboda alikuwa amekunja magoti kidogo, kama alivyozoea, mikono wazi, akimsubiri mtoto amkimbilie. Alipoona ni Madamu tu alisimama.

"Iko ndani?"

"Baba, njoo ukae."

"Iko ndani?"

"Alikufa Jumapili. Risasi ilipita kwenye bati. Hakuumia muda mrefu."

Aliangalia rakuba, alimwangalia Madamu, aliangalia rakuba tena. Kisha akasema, "Ndugu yangu alikuja Ijumaa. Nimemkuta njiani sasa hivi. Alisema alikuja."

"Alikuja."

"Ukakataa."

"Nilikataa. Sikumjua, na mtoto hakumjua."

"Alitoka Yei mwezi uliopita," alisema. "Mtoto hajamwona bado."

Nilifikiri atampiga. Nadhani Madamu naye alifikiri hivyo, kwa kuwa alisimama sawasawa na kuweka mikono nyuma, kama mtu anayejiandaa kupokea. Lakini yule baba alikaa chini pale pale langoni, kwenye vumbi. "Mimi nilikubali hiyo sheria," alisema. "Nilikubali mbele ya watu." Alilisema tena na tena, kwa sauti ileile, mpaka nikatamani anyamaze, na hadi leo sijui kama alikuwa anamwondolea Madamu mzigo au anajitwisha yeye.

Baadaye aliomba sepetu. Alitaka kumpeleka mtoto Gumbo, mama yake alikozikwa. Madamu alimwambia ardhi ni ardhi, amwache apumzike. Hakumjibu, alianza kuchimba. Na alipokwishamtoa, akamfunga upya kwa turubai la pikipiki, alinitazama mimi.

"Mama, mimi siwezi kuendesha na kushika. Wewe unaenda Gumbo?"

Nilikuwa nakwenda Gumbo. Mvulana wangu alikuwa Gumbo. Nilimgeukia binti yangu mkubwa, kwa kuwa nilikuwa karibu kuwaacha tena mahali pale.

"Nenda," alisema. "Mimi nitakaa naye." Alikuwa na miaka kumi na moja.

Nilikaa nyuma nikamshika mtoto mapajani. Hakuwa mzito. Turubai lilikuwa la plastiki na lilipata joto haraka, na harufu ilikuja ingawa tulikuwa tukienda. Baba yake aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, akipunguza mwendo kabla ya kila tuta, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Darajani askari alitusimamisha.

"Nini hiyo?"

"Mtoto," alisema baba.

"Mgonjwa?"

"Mtoto wangu."

Askari alisogea, akanusa, akarudi nyuma. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliinua kamba ya kizuizi. "Pita," alisema, na kwa wale waliokuwa nyuma yetu alipiga kelele wasubiri, wasitukaribie.

Mwanangu wa kiume nilimkuta amekaa kwenye kizingiti chetu. Bado alikuwa amevaa sare ya shule ya Ijumaa. Mama muuza chai alikuwa amekimbia naye porini pamoja na wanawe, wamelala huko, wamerudi asubuhi ile. Alisimama aliponiona akaanza kukimbia, halafu akasita hatua chache mbele yangu.

"Mama, unanuka," alisema.

Nilisimama pale, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Mama muuza chai aliniletea maji na kipande cha sabuni, nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikanawa tena, ndipo nikamshika.

Tulimzika mtoto kando ya mama yake jioni hiyo, majirani wachache na yule ndugu aliyetoka Yei, ambaye hakuja karibu, alisimama barabarani. Siku iliyofuata nilivuka tena kwenda kuwachukua wasichana. Madamu alikuwa ametoa mikeka nje na anasugua sakafu. Watoto watatu wengine walikuwa wamekwishachukuliwa. Aliniambia hatafungua tena.

"Watu watakuja," nilimwambia. "Wote tuna kazi. Utakuja kufungua."

"Watakuja," alikubali. "Watagonga. Sitafungua." Alimpa binti yangu mkubwa vikombe vyote vya plastiki, akafunga lango nyuma yetu. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kwa dada yake huko Arua, Uganda, na kwamba anauza nguo. Sijui kama ni kweli.

Nilirudi kazini siku chache, nikiwaacha wote watatu kwa mama muuza chai, shule zikiwa zimefungwa. Msimamizi wetu alikuwa ameondoka kwa ndege ya kwanza. Kilichokuwa kikitua sasa kilikuwa kwa ajili ya kuwahamisha wageni, na mizigo ilikuwa masanduku yao. Nilibandika vibandiko. Jioni ya Jumamosi nilihesabu watoto wangu mezani, nikawaambia wafunge nguo.

Yule baba alitupeleka mpaka pale malori yanapopakia watu wa Nimule. Alikataa nauli. Wasichana wangu walimwamkia, akaitikia, lakini hakumtazama yule mdogo, na mdogo hakumtazama yeye. Alinifungia mizigo yangu juu ya lori, akakaza kamba mara mbili, akaondoka kabla hatujaondoka. Njiani tulijilaza chini ya magunia tulipopita mahali ambapo malori mengine yalikuwa yamechomwa. Tulivuka mpaka wa Uganda tukiwa wazima, tukasimama kwenye foleni, nikawa mkimbizi mara ya pili, katika wilaya ileile nilikozaliwa nikiwa mkimbizi mara ya kwanza.

Kambini shule ilikuwa moja, chini ya maturubai, na watoto wangu wote watatu walikwenda huko kwa miguu, wameshikana mikono. Nasari ilikuwa upande wa pili wa uwanja uleule, bure kabisa. Wiki zile zote za Juba nilikuwa nimeitafuta nasari ya bure.

Mdogo hakukubali kuachwa. Nilipogeuka kuondoka hakulia, angelia ningejua la kufanya. Alinifuata kimya, akashika nguo yangu, na nilipomtoa vidole alishika tena. Mwalimu, msichana mwema aliyekuwa bado mwanafunzi wa ualimu, aliniambia, "Mama, mwache tu, atazoea. Wote wanazoea."

Nilimwomba benchi. Alinipa. Niliiweka pale ukingoni mwa turubai, mahali ambapo mwanangu angeweza kuniona kila alipoinua kichwa, na alikiinua mara nyingi. Wanawake wenzangu walikwenda kupanga foleni ya unga na kulima vishamba vyao. Mimi nilikaa pale asubuhi mpaka mchana, muhula mzima na kipande cha muhula uliofuata.

Sasa yule mdogo amekuwa mrefu kunipita. Anasema hakumbuki Juba kabisa, hakumbuki pikipiki, wala nasari, wala rafiki. Dada yake anakumbuka. Nikiwauliza jambo la siku zile, mkubwa hutoka nje kuangalia kama nguo zimekauka.